Maman Manège

Simu ililia mfukoni mwa aproni wakati Rosalie anafuta kiti cha nane kwa maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu. Hakuhitaji kuitazama. Kila jioni saa kumi na mbili mume wake Ezéchiel alimpigia kutoka Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, na kila jioni Rosalie aliacha kitambaa akakimbilia nyuma ya choo cha bustani, mahali pekee ambapo muziki wa manège haukufika vizuri. Hapo ndipo alipopokea, huku bado anahema.

"Rosalie, nimepata," Ezéchiel alisema, hata salamu akaisahau. "Kipimo kimetoka, siko na ugonjwa. Na jina yangu iko ku liste. Kesho asubuhi navuka."

"Kesho?"

"Kesho dimanche. Mbona sauti yako iko hivyo? Haufurahi?"

"Nafurahi, Ezéchiel. Nafurahi sana."

Na alifurahi kweli. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka. Lakini aligeuka akautazama ukuta, kule manège ilikozunguka.

"Na manège?" Ezéchiel aliuliza, kama alivyouliza kila jioni. "Bado imefungwa?"

Upande wa pili wa ukuta watoto walipiga kelele za furaha, kiti kimewafikisha juu. Rosalie alifunika simu kwa kiganja, akangoja zipite.

"Bado," alisema. "Iko inakula kutu tu."

Bustani ile ilikuwa mali ya Papa Grégoire, kipande cha ardhi kando ya ziwa chenye bembea, mteremko wa bati, kibanda cha soda, na manège yenyewe: gurudumu refu la chuma lenye viti vinane, linalompandisha mtoto mpaka akaona ziwa lote na vilima vya Rwanda. Ezéchiel aliiendesha miaka tisa. Watoto wa Bukavu walimwita Papa Manège, na hata padri alimwita hivyo akimpa mkono baada ya misa.

Mwaka ule ugonjwa wa Covid ulipoingia, Ezéchiel alivuka daraja asubuhi moja kwenda kununua beringi za manège. Alivuka kama watu wote wa Bukavu wanavyovuka, na kikaratasi cha siku moja, kile unachopewa mpakani kwa kwenda na kurudi. Dukani wakamwambia beringi zitafika kesho. Akaona si neno, akalala usiku mmoja kwa binamu yake. Kesho yake alizipata, akazifunga kwenye gazeti, akashuka mpaka darajani, akakuta limefungwa. Akabaki upande ule na kikaratasi kilichokwisha muda na beringi mbili mpya.

Miezi mitano ya kwanza haikuwa mibaya sana, maana kila kitu kilifungwa, shule, makanisa, bustani, na watu wote walikaa nyumbani sawasawa. Kisha serikali ikafungua vitu vya ndani ya nchi, lakini daraja halikufunguliwa kwa mtu kama Ezéchiel, mwenye kikaratasi kilichokwisha muda. Papa Grégoire alipanda mwenyewe hadi nyumbani kwao Kasha, jasho likimtiririka chini ya barakoa, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha Rosalie.

"Maman Rosalie, nahitaji mutu ku manège. Unishikie nafasi ya bwana yako. Nikichukua mutu mwingine, siku akirudi nitamuambia nini?"

"Papa, mimi nitajuaje ile mashine?"

"Utamuuliza yeye."

Ndilo jambo ambalo Rosalie hakuweza kulifanya. Wiki hiyohiyo Ezéchiel alikuwa amemweleza kuhusu watu wanaovusha kwa mtumbwi gizani, pale mto unapotoka ziwani. "Siku Grégoire akifungua jardin, mimi napanda ile pirogue," alisema. "Mutu mwingine asiguse manège yangu. Akiigusa, nimeisha." Siku mbili baadaye mtumbwi mmoja ulipinduka, na watu wakashinda ukingoni wakingoja miili. Ezéchiel hakujua kuogelea. Kwa hiyo alipouliza kama bustani imefunguliwa, Rosalie alijibu hapana. Alidhani uongo huo utadumu wiki mbili. Sasa ulikuwa na miezi tisa, na binti yao Maombi, mwenye miaka minane, alikuwa amefundishwa kuusema pia na ameujua vizuri kupita kiasi.

Kazi alijifunza hivi. Jioni, Ezéchiel akiwa amechoka kupakua samaki, Rosalie alimwambia: "Nisimulie kazi yako, nisikie sauti." Na mume wake, kwa hamu ya nyumbani kwake, alisimulia mpaka salio likaisha.

"Courant ikienda, na batoto bako juu, unafanya nini?" Rosalie alimuuliza siku moja kuhusu umeme kukatika.

"Kwanza hauogope. Batoto banaangalia uso yako. Unalegeza breki pole, kiti inashuka, unatoa mutoto, na palepale unaweka mufuko ya mchanga kwa nafasi yake. Uzito inabaki sawa. Halafu kiti inafuata, halafu inafuata."

"Na kama mifuko hakuna?"

"Kama mifuko hakuna, manège hakuna!" Alicheka sana siku hiyo.

Mifuko haikuwepo. Watu wa mairie, ofisi ya mji, walikuwa wameiondoa kwa sababu gunia halioshwi na javel, na walikuwa wameamuru viti vinne tu vijazwe, kimoja kijazwe kimoja kiachwe. Ilibidi Rosalie atafute njia mwenyewe. Siku ya kwanza umeme ulipokatika alisimama na mkono kwenye breki, akatazama gurudumu kama mtu anayetazama mizani sokoni, ndipo akaona: ukishatoa watoto wa kiti cha chini, usiguse kiti jirani, lete kile cha juu kabisa. Uzito wenyewe utakileta. Alilijua hilo peke yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alikuwa amechoka. Kila alfajiri alitoka Kasha kabla ya jua, na kila jioni alirudi mikono imebabuka kwa javel, apike, afue, amkague Maombi madaftari, halafu akumbuke aliyomwambia Ezéchiel juzi ili leo asijikanyage. Hata pesa ya kipimo cha Covid, aliyompelekea kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara, alisema imechangwa na korali, waimbaji wa parokia. Mara nyingi akiwa amesimama pale kwenye breki aliwaza: siku akirudi nitamwachia hii kitu, na nitalala siku tatu.

Sasa siku ilikuwa kesho, na kesho ilikuwa Jumapili ya komunyo ya kwanza.

"Kesho? Hapana, Maman!" Papa Grégoire alishika kichwa alipoombwa ruhusa. "Batoto ba komunyo bote banakuya hapa na marobe yabo, na bantu ba mairie banakuya kuangalia kama tunaheshimu mesures za Covid. Nani ataendesha? Mimi na tumbo hii?"

"Nitaenda ku pont mapema. Saa ine niko hapa."

"Saa ine, Maman Rosalie. Saa ine, si saa tano ya Bukavu."

Asubuhi Rosalie na Maombi walikuwa darajani kabla ya saa kumi na mbili. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Nitamwambia palepale, kabla hajaweka mzigo chini, alijisemea. Watu walikuwa wengi, kila mmoja akinyoosha shingo kuona wake. Walitoka mmojammoja, karatasi mkononi. Karibu saa mbili alitoka mwanamume mwembamba mwenye barakoa ya bluu, begani amebeba mfuko wa shuka. Maombi ndiye aliyemjua kwanza, kwa mwendo.

"Papa!"

Ezéchiel aliangusha mfuko, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja. Mwanajeshi mmoja akapiga kelele, "Distance! Muheshimu distance!"

"Weye, huyu ni bibi yangu," Ezéchiel alimjibu bila kugeuka. "Distance nimeifanya mwaka mzima na zaidi. Inatosha."

Watu wakacheka. Rosalie naye alicheka, uso kwenye kifua cha mumewe, akahisi mbavu zake, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Tupite ku jardin kwanza," Ezéchiel alisema walipoanza kupanda barabara.

"Hapana, uende nyumbani uoge. Nimekuwekea sombe na samaki."

"Iko kwa njia, Rosalie. Niione tu kidogo."

"Papa, iko na kutu sana," Maombi alisema haraka. "Kutu mpaka juu."

"Mpaka juu?"

"Hata viti vimeanguka."

Rosalie alimminya mkono binti yake anyamaze. Mbele yao watoto wawili wa komunyo walikuwa wanashuka na shangazi yao, msichana amevaa gauni jeupe linalofagia vumbi. Walipomwona Rosalie walianza kurukaruka. "Maman Manège! Maman Manège! Leo tunakuya, utuweke ku kiti ya rouge, ile nyekundu!"

Walipita. Ezéchiel aliwatazama watoto, akamtazama mke wake, akauhamisha mfuko kutoka bega moja hadi jingine.

"Batoto ba siku hizi," alisema. Basi.

Rosalie alingoja aulize. Laiti angeuliza, angemjibu. Hatua mia, hatua mia mbili. "Ezéchiel, kuna kitu nataka kukuambia," alianza, na mume wake akasema, "Tutaongea tukifika," kwa sauti ya upole iliyomtisha kuliko ukali.

Langoni baluni zilikuwa zimekwisha kufungwa. Clémence, dada wa kukata tiketi, aliwaona wakiwa mbali na kupunga mikono yote miwili. "Maman Manège, kimbia! Ba mairie banafika saa yoyote, na Papa Grégoire anakutafuta kama..." Ndipo akamwona aliyekuwa nyuma yake. Mikono ikashuka. "Yesu wangu. Papa Ezéchiel."

Manège ilisimama mbele yao, imepakwa rangi mpya, nyekundu na manjano. Rosalie aliipaka mwenyewe mwezi wa kwanza. Ezéchiel aliitazama kutoka chini mpaka juu, kiti kwa kiti.

"Kutu yenyewe iko wapi?" alimuuliza Maombi.

Maombi alificha uso kwenye kitenge cha mama yake.

"Nilikudanganya," Rosalie alisema.

"Naona."

"Miezi tisa. Niliogopa ile pirogue. Ungeipanda, Ezéchiel."

Ezéchiel alimpa mgongo. Alienda kukaa kwenye benchi karibu na bembea, mfuko wake kati ya miguu, na Maombi akamfuata akakaa kando, mbali kidogo. Papa Grégoire alitokea akiwa amefungua mikono. "Papa Manège! Karibu nyumbani! Bibi yako amekushikia nafasi kama mwanaume. Jumanne unaanza, hein? Yeye atapumzika." Akampiga bega, akakimbilia lango, maana watu walikuwa wameanza kuingia.

Rosalie alivaa aproni. Hakuna kingine cha kufanya. Aliwapandisha watoto wawiliwawili, akafunga minyororo, akaacha kiti kitupu, akafuta, akapandisha wengine. Gauni jeupe, tai ndogo, mishumaa iliyozimwa. Kila gurudumu lilipozunguka alitazama benchi, na kila mara Ezéchiel alikuwa ameinamisha kichwa. Alimpotezea manège yake, ndivyo alivyowaza. Alimlinda asife majini, halafu akamletea aibu hii mbele ya mji mzima, siku ya kwanza.

Karibu na saa sita muziki ulikatika katikati ya wimbo. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama.

"Courant imeenda!" watu walisema kwa pamoja, wengine wakicheka, kwa sauti ile ya mazoea.

Watoto wanane walikuwa juu, viti vinne. Rosalie alikuwa upande wa pili akimfunga kiatu mtoto mmoja kwenye foleni. Kabla hajasimama vizuri, Ezéchiel alikuwa ameshavuka uwanja. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayeingia chumbani kwake, akashika breki, akainua uso kwa watoto na kutabasamu. "Hakuna kitu. Papa Manège njo huyu. Mutashuka wote." Mkono wake ulilegeza breki pole, kiti cha kwanza kikashuka, akafungua mnyororo, akawatoa wasichana wawili kwa mikono yake. Kisha, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma na kuita, "Mufuko!"

Hakuna aliyeleta kitu. Na breki alikuwa ameshailegeza tena, kuleta kiti kinachofuata.

Gurudumu liliondoka lenyewe. Upande wenye watoto uliporomoka, kiti kikapita chini kwa kasi na kupanda tena, kikayumba, na sauti ya watoto ikabadilika. Haikuwa ya kucheza. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Ezéchiel alibana breki kwa mikono miwili, lakini aliibana ghafla, na viti vyote vikarushwa mbele na nyuma.

"Toka!" Rosalie alikuwa amefika. "Ezéchiel, toka kwa breki!"

Alitoka. Rosalie alishika mahali pale pale mikono ya mumewe ilipokuwa, chuma bado kina joto. Alingoja viti vitulie. Aliwatazama watoto ili nao wamtazame. "Shikaneni mikono. Nani anajua wimbo wa komunyo? Muniimbie." Sauti moja nyembamba ikaanza, nyingine ikafuata. Alikiacha kiti cha karibu, akakileta kile cha mbali, pole, uzito ukakileta wenyewe, kisha mwenzake, kisha cha mwisho. Wanane wote wakasimama chini. Mmoja alikuwa amejikojolea, na Clémence akamfunika kwa kitenge.

"Papa Manège alisahau kazi Rwanda!" alisema mjomba mmoja kwenye foleni, na watu, kwa sababu hofu ilikuwa imewatoka, walicheka kuliko ilivyostahili. Rosalie alitamani ardhi imfunike. Alimwona Ezéchiel anarudi kwenye benchi, mikono ikining'inia.

Umeme haukurudi. Papa Grégoire aliwagawia watoto soda, na watu wa mairie, waliofika kuchelewa, wakakuta viti vimesimama, wakaandika kwamba mesures zinaheshimiwa. Rosalie alimpeleka Maombi kibandani kwa Clémence, akaja kukaa benchini.

"Nisamehe," alisema. "Nilikufokea mbele ya watu."

"Wangekuwa wameanguka. Ulifanya vizuri." Alikuwa anatazama mikono yake. "Mifuko iko wapi?"

"Mairie ilikataza. Haioshwi."

"Sasa njo naelewa. Uliniuliza, na mimi nikacheka."

Rosalie alimgeukia taratibu.

"Nilijua," Ezéchiel alisema. "Tangu siku uliniuliza mvua ikinyesha unashika breki kwa mukono gani. Mutu asiyeshika breki haulize mukono. Halafu ile korali! Korali yetu, Rosalie? Bale bantu habajawahi kununua hata bougie, mushumaa moja."

"Mbona haukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuuliza. Na batoto bako juu." Aligeuza macho ziwani. "Na tena, ningesema, ningepaswa kupanda pirogue. Niliapa. Kama imefungwa, mimi naweza kungoja kama bantu bote. Ile maji inanitisha, Rosalie. Kila jioni ukisema 'bado', nilisema asanti ndani ya moyo."

Rosalie alimtazama mume wake, midomo iliyokauka, nywele zilizoingia mvi kwenye masikio. Alidhani atalia, kumbe ni hasira.

"Miezi tisa nakimbia nyuma ya choo!" alisema. "Miezi tisa! Nafunika simu kwa mukono kama mwizi, namufundisha mutoto uongo, na weye unajua?"

"Nilijua."

"Muongo wa Kamembe weye! Nimechoka, Ezéchiel. Sikuchoka na manège. Nimechoka na saa kumi na mbili."

"Uko na haki," alisema. Kwa kuwa hakujitetea, hasira ikakosa pa kukaa, ikabaki uchovu peke yake. Walikaa. Ziwa lilikuwa tulivu na jeupe kwa jua.

"Papa Grégoire anasema Jumanne nianze," Ezéchiel alisema baadaye. "Lakini umeona. Ile kazi unafanya sasa, mimi siijue. Naogopa kuishika."

Rosalie alikuwa amengoja miezi tisa kuikabidhi kazi ile, na sasa aliiona inarudi mapajani mwake kama mtoto mzito wa mtu mwingine. Alitaka kusema sikuiomba, niliishika tu. Alitaka pia, na hilo lilimshangaza, kusema usinichukulie. Alisema lililokuwa karibu zaidi.

"Nataka kulala."

"Ulale basi," alisema Ezéchiel.

Jumatatu bustani haifunguliwi. Walikula, wageni wakaja kumwona aliyerudi, wakaondoka. Rosalie alisinzia hata akiwa anaongea.

Jumanne alfajiri mwili wake uliamka wenyewe kwa saa ile ile, lakini macho yalikataa kufunguka. Alisikia simu yake inalia kwenye meza, na mkono mwingine unaichukua. Alisikia sauti ya Papa Grégoire ikikwaruza kwa mbali, inauliza nani anakuja, yeye au bwana.

"Analala," Ezéchiel alisema kwa sauti ya chini. "Hapana, Papa, sitamuamsha. Hapana. Mimi nakuya sasa, nitafungua, nitapaka grisi, nitafagia. Lakini moteur isiwake mpaka yeye afike. Saa nane, saa tisa, saa ile atafika." Alisikiliza kidogo. "Ndiyo, Papa. Yeye njo atanionyesha."

Rosalie alitaka kumwambia kwamba grisi iko nyuma ya mlango wa Clémence, na kwamba kufuli inahitaji kuvutwa juu kidogo ndipo ifunguke. Alifungua mdomo. Atauliza, aliwaza, kama hajui atauliza. Akageukia ukuta na kuvuta shuka, na usingizi ukamchukua kabla mume wake hajamaliza kufunga viatu.